Mashine Iliyokataa Kutafuta Dhahabu

Wiki niliyopata kazi ya kufundisha huduma ya kwanza nilianza kujipima mapigo ya moyo. Nilijipima kabla ya chai, nikajipima baada ya chai, kisha nikakaa kitandani nikijiuliza kwa nini yamebadilika. Nilikuwa nimemaliza chuo na shahada ya sosholojia, nimekaa nyumbani Shinyanga muda mrefu kiasi kwamba mama alishaanza kunitambulisha kwa wageni kwa sauti ya chini, na sasa kulikuwa na watu Geita waliokubali kunilipa ili nieleze wenzangu la kufanya mtu akianguka ghafla. Mwingine angefurahi. Mimi niliwaza: na akianguka kweli, mbele yangu, halafu wote wakanigeukia?

Ofisi ya mradi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la gambuti, sululu na kamba. Tulikuwa wawili tu. Mkuu wangu alikuwa muuguzi mstaafu, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, ambaye kila mtu alimwita Sista, hata waliomzidi umri. Alikuwa amefanya kazi wodini maisha yake yote na sikuona kitu kilichobaki cha kumshangaza. Kazi yangu ilikuwa kubeba mdoli wa mazoezi, kubandika mabango, na kuongea pale koo la Sista lilipochoka.

Mdoli alikuwa kichwa na kifua tu, hana mikono wala miguu. Kule Tinde, wakulima na wauza nafaka walimwonea huruma, na mama mmoja akamfunika kwa kanga kabla hajakubali kumgusa. Kule Isaka, makuli wa bandari kavu na madereva wa malori walimkandamiza kwa nguvu za kushusha mzigo, mpaka kitu fulani ndani yake kikakatika, na tangu siku hiyo kila akibonyezwa alilia kama kiti kibovu. Mimi nilimbeba kwenye bodaboda ndani ya kiroba, nimempakata, na kila kwenye tuta niliwaza namna nitakavyowaeleza polisi wakinisimamisha.

Lakini mdoli hakuwa habari. Habari ilikuwa mashine ya kushtua moyo. Ni sanduku dogo la njano lenye mpini, unaloweza kulibeba kama redio. Ukifungua kifuniko linaanza kuongea, kwa Kiswahili safi, sauti ya mwanamke mtulivu asiye na haraka na mtu. Linakuambia umvue mgonjwa nguo kifuani, ubandike plasta mbili kubwa zenye waya, halafu lenyewe linausikiliza moyo na kuamua kama unahitaji kushtuliwa. Moyo mzima halitaushtua hata ulibembeleze.

Tulikuwa nayo moja ya kugawa. Nyingine zilikuwa zimeahidiwa, na Sista alikuwa na umri wa kutosha kujua ahadi ni kitu gani. Kwa hiyo aliweka masharti. Mahali itakapowekwa pasiwe na kufuli, pawe wazi kwa kila mtu. Pakiti ya plasta isifunguliwe bila mgonjwa, maana ikishafunguliwa gundi inakauka na nyingine haipo karibu. Angeiacha kwa majaribio, kisha angekuja kukagua. Akikuta imefungiwa au pakiti imechanwa, mashine inahamia Isaka. Msimamizi mmoja wa kule alikuwa ananipigia simu kila mara, ananisalimia vizuri, anaulizia wazazi, halafu anauliza kama wale wa dhahabu wameshashindwa.

Maana Sista alikuwa amechagua machimbo. Si ule mgodi mkubwa wenye gari lake la wagonjwa. Ni machimbo ya wachimbaji wadogo, mbali na lami, mahali ambapo mtu akianguka anapakiwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili na kuombewa njia nzima.

Mafunzo tuliyafanyia kwenye mgahawa wa pale, banda la mabati lenye mabenchi marefu, na mwenye mgahawa ndiye aliyekaa mstari wa mbele akiwa na aproni yake. Mumewe alikuwa anaendesha karasha, ile mashine ya kusaga mawe, upande wa pili wa uwanja. Siku za nyuma aliwahi kuanguka pale pale karibu na karasha. Walimmwagia ndoo ya maji, akaamka, akauliza nani amemlowesha. Hospitali walimwambia moyo wake haupigi kwa mpangilio, apate dawa, aache kazi nzito. Alirudi machimbo siku hiyo hiyo na kumwambia mkewe kwamba madaktari walimpima akiwa na njaa.

Mama huyo alimbonyeza mdoli kuliko wote. Alipomaliza alinivuta pembeni.

"Dokta, mimi hii mashine naitaka hapa. Mume wangu simuwezi. Nimeomba, nimenuna, nimemnyima nyama. Basi angalau kiwepo kitu cha kumsubiri akianguka."

Nilimweleza kwamba mimi si daktari, nimesoma sosholojia, ambayo ni elimu ya jamii na mahusiano. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Sawa, dokta," akasema.

Sasa, kabla ya siku ile nilikuwa nimekaa kwa muda mrefu nikifikiria kila kinachoweza kwenda vibaya. Hiyo ndiyo namna yangu ya kujiandaa. Nikakumbuka kwamba wachimbaji wengi wanatumia detekta, kile chombo cha kupitisha juu ya ardhi, kinacholia kikinusa madini. Nikawaza: detekta inalia, mashine yetu inalia. Detekta huja kwenye sanduku gumu, na yetu iko kwenye sanduku gumu. Je, wakichanganya? Je, wakifikiri ni detekta? Nilipopewa nafasi ya kuitambulisha mashine, mbele ya banda lililojaa watu wenye vumbi mpaka kwenye kope, niliona ni busara kuliondoa jambo hilo mapema.

"Kwanza kabisa," nikasema, "naomba ieleweke kwamba mashine hii haitafuti dhahabu."

Watu wote waliinua vichwa. Hata yule aliyekuwa anatafuna muwa aliacha. Ninaamini kwa dhati kwamba mpaka sekunde ile hapakuwa na mtu hata mmoja pale aliyekuwa ameifikiria dhahabu.

Kutoka benchi la nyuma mwenye duara alisimama. Duara ni shimo la kuchimbia, na lake lilikuwa limejaa maji tangu masika, kwa hiyo alikuwa na muda mwingi wa kufikiri. Ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa machimbo. Alivua miwani yake ya jua.

"Dokta, nani amekuuliza habari za dhahabu?"

Nikasema hakuna. Akataka kujua kwa nini basi nimeanza nayo. Nikaeleza. Nikaeleza namna detekta inavyofanya kazi na namna mashine ya moyo inavyofanya kazi, na tofauti kati ya umeme wa moyo na sumaku ya ardhi, jambo ambalo nilikuwa nimelisoma usiku uliotangulia na sikuwa na uhakika nalo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyosogea mbele. Mtu asiye na la kuficha, niliweza kuliona wazo hilo likipita kutoka uso hadi uso, haelezi hivi.

Mwenye duara aliuliza bei. Sista, ambaye hajui kudanganya, aliitaja. Watu walipumua kwa pamoja.

"Kitu cha bei hiyo," mwenye duara akasema taratibu, kama mtu anayejumlisha, "kinaletwa bure, porini, kwa ajili ya moyo wangu. Moyo wangu uko hapa miaka yote, sijawahi kuona mtu ameuulizia."

Walicheka, Sista naye akacheka, na mimi nikabaki nimeshika mdoli.

Ukafuata ubishi wa mahali pa kuiweka. Mwenye duara alitaka sanduku la chuma lenye kufuli mbili, funguo zikae kwa watu wawili tofauti, kama wanavyohifadhi dhahabu. Sista alimuuliza kama mgonjwa naye atasubiri wenye funguo wawili warudi kutoka Geita mjini. Mwishowe ilitundikwa kwenye msumari ndani ya mgahawa, mahali pekee ambapo mlango ulikuwa pazia. Mama wa mgahawa aliifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake. Mumewe alisimama mlangoni akiiangalia kama mtu anayeangalia jeneza la saizi yake, kisha akarudi kwenye karasha.

Baada ya hapo sikulala vizuri. Nilimpigia mama wa mgahawa kila siku kuuliza kama taa ya kijani inawaka. Alikuwa mvumilivu. Siku moja aliniambia inawaka kuliko jana, nadhani ili nifurahi.

Kisha habari zikaanza kunifikia mjini. Mwendesha bodaboda aliyenipeleka sokoni alinieleza kwamba kuna machimbo fulani wameletewa mashine mpya na mashirika, inaongea, inakutajia dhahabu iko wapi na kwenda chini kiasi gani, ila wameificha kwa kuiita ya hospitali. Nikamwambia ni ya hospitali kweli. Alinitazama kwenye kioo kwa huruma. Mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa na kioski chini ya ofisi yetu alipanda ngazi kuniuliza kama tunakodisha. Nikatengeneza bango jipya lenye maneno makubwa: SI YA DHAHABU. Sista aliliona mezani, akalikunja, akalitia kwenye mkoba wake.

Siku ya ukaguzi ilipofika, nilitangulia asubuhi kwa bodaboda. Sista angefuata kwa gari la kuazima. Nilitaka kuhakikisha kila kitu kiko sawa, halafu nihakikishe tena.

Msumari ulikuwa mtupu.

Niliutazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama msumari. Mume wa mama wa mgahawa alikuwa amekaa benchi la karibu anakunywa chai, na karasha siku hiyo ilikuwa kimya kwa kukosa dizeli. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nikamuuliza mashine iko wapi. Akapuliza chai yake.

"Nimewaazima jamaa," akasema. "Wanarudisha sasa hivi."

Mkewe alikuwa anaingia na ndoo ya maji kichwani. Alisikia. Aliitua ndoo bila kumwaga hata tone, na utulivu wake ulinitisha kuliko angepiga kelele. Alimuuliza ni jamaa gani. Ni mwenye duara na wenzake, wako kule kilimani. Alimuuliza kwa nini. Mume akasema kwamba amechoka. Kila akila, ile kitu iko juu ya kichwa chake inamhesabia. Wateja wanaitazama, kisha wanamtazama yeye. Bora ikafanye kazi ya maana.

"Sista anakuja leo," nikasema. "Wakichana ile pakiti tu, inakwenda Isaka."

Mama akafungua aproni, akaitupa juu ya meza, akatoka. Nikamfuata. Mumewe naye akainuka, akasema yeye ndiye aliyeazima na yeye ndiye atakayeichukua. Mkewe akamwambia akae. Hakukaa. Kilima kile si kirefu, ila ni cha mawe na hakina njia, na alipanda nyuma yetu akijifanya anatazama mandhari kila alipohitaji kupumzika. Nilikuwa namsikia anavyovuta pumzi. Nikaanza kukumbuka hatua zote za huduma ya kwanza, na kila nilipofika ya tatu nilirudi ya kwanza.

Juu tulikuta umati. Walikuwa wamefyeka majani na kuacha mraba safi wa udongo mwekundu, mpana kama mkeka. Mashine ilikuwa katikati, kifuniko wazi, na sauti ya yule mwanamke mtulivu ilikuwa inasambaa juu ya kilima.

"Vua nguo kifuani mwa mgonjwa."

"Hapo anasema tutoe majani," mwenye duara akawafafanulia wenzake. "Tumeshatoa."

"Bandika plasta kwenye kifua, kama inavyoonekana kwenye picha."

Mwenye duara alikuwa ameshika pakiti mkononi. Upande mmoja wa pakiti ulikuwa tayari kati ya meno yake.

Niliomba anisikilize. Nikasema plasta zile zimetengenezwa kwa ngozi ya mtu, kwamba jiwe halina moyo, kwamba nimekwisha kueleza mwanzoni kabisa. Aliitoa pakiti mdomoni ili aweze kutabasamu. Akawageukia wenzake: mnaona anavyohangaika? Na walikuwa wanaona. Jasho lilikuwa linanitoka. Hakuna mtu aliyewahi kuitetea mashine ya hospitali kwa jasho kama lile. Mmoja akasema wamfunge dokta kwanza, mwingine akasema dokta hana shida, ametumwa tu.

Hapo ubongo wangu ukafanya kile unachofanya siku zote ukizidiwa. Ukaruka hatua zote na kwenda mbele kutafuta tatizo jingine. Nikajiona pale baada ya wiki: shimo limechimbwa, viroba vya mawe vimepangwa, watu wanapigana. Na swali likanitoka kabla sijalizuia.

"Na mgao mmeshakubaliana?"

Mwenye duara aliishusha pakiti.

Kwa asiyejua machimbo, niseme hivi. Hakuna sululu inayogusa ardhi kabla haijajulikana nani atapata viroba vingapi. Mwenye eneo ana fungu lake, mwenye duara lake, wachimbaji lao, aliyetoa pampu au chombo lake, anayelisha watu lake. Likianza bila hivyo, shimo lina nuksi na pia lina mapanga. Wale watu walikuwa wamepanda kilima kwa haraka na kwa siri kiasi kwamba jambo hilo lilikuwa limewapita.

Mwenye duara alisema mgao utakuwa wa kawaida. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama pembeni na fimbo ya kuchungia, akitazama tu, akakohoa. Alisalimia wote kwa Kisukuma, mwangaluka, akaitikiwa. Kisha akauliza kwa upole ni kawaida ipi, maana kilima ni chake, ng'ombe wake wanalala hapa, na hakuna aliyemwita. Wachimbaji wakasema wao wamefyeka tangu alfajiri. Mtu akauliza fungu la mwenye chombo linakwenda kwa nani. Mwenye duara akasema kwake, kwa sababu kachukua yeye. Na mume wa mama wa mgahawa, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, ameshika kiuno kwa mikono yote miwili, akapata pumzi ya kutosha kusema kwamba chombo ametoa yeye.

"Umetoa wewe kama nani?" mkewe akauliza. "Nilikabidhiwa mimi."

"Mimi na wewe si kitu kimoja?"

"Leo hapana."

Ukaanza ugomvi mzuri kuliko wote niliowahi kuuona. Waligombania viroba vya mawe ambavyo havijachimbwa, kutoka shimo ambalo halipo, lenye dhahabu ambayo haijaonekana. Kila baada ya muda mashine iliwakumbusha wabandike plasta, na kijana mmoja aliiambia kwa heshima isubiri kidogo, mama, bado tunaongea. Mwenye duara alihesabu mafungu kwenye vidole vya mkono wenye pakiti, nami nilifuatilia ile pakiti kama mtu anayetazama mpira wa penati.

Kisha mume wa mama wa mgahawa akaacha kubishana. Ilikuwa katikati ya sentensi. Alitafuta jiwe kwa mkono bila kulitazama, akaketi. Uso ulikuwa umebadilika rangi, kama majivu, na mkono wake ulikuwa umebana fulana kifuani.

Ugomvi ulikatika kama redio iliyoishiwa betri. Mkewe alimpokonya mwenye duara pakiti, na mwenye duara hakujua hata kama amepokonywa. Mtu akaisogeza mashine karibu. Waliobaki walirudi nyuma wakaacha nafasi, kama tulivyowafundisha, na mmoja akawa tayari ameshika simu anatafuta gari. Mimi nilijikuta nimepiga magoti. Sikumbuki kuamua kupiga magoti. Mkono wangu ulikuwa begani kwake, na sauti yangu, ambayo sikuitambua, ilikuwa inamwita baba.

Alikuwa amefumba macho. Mkewe alisimama na pakiti mikononi, vidole juu ya ile alama ya kuchania, ananitazama mimi. Alikuwa anaitaka mashine ile ibaki machimbo kuliko mtu mwingine yeyote, na nilijua kwamba nikitikisa kichwa tu angeichana bila kufikiri mara mbili, iende Isaka, iende popote.

Nikaanza tena kuzikumbuka hatua, kuanzia ya kwanza. Ndipo mashine ikasema, bila haraka na mtu:

"Angalia kama mgonjwa anapumua."

Mume akafumbua jicho moja.

"Napumua, mama," akaijibu.

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni yule mzee wa ng'ombe. Kicheko kilipita kilima kizima, kikapungua, kikaisha kwa namna ambayo watu walibaki wanatazama viatu vyao. Mkewe hakucheka. Alikaa chini kwenye udongo waliofyeka, pakiti mapajani, na kwa muda mfupi alijifunika uso kwa kanga. Mumewe alinyoosha mkono, akamshika bega, akasema ni mlima tu, ni mlima ulimzidi. Mkewe akamwambia anyamaze, naye akanyamaza.

Hivyo ndivyo Sista alivyotukuta. Dereva wake alikuwa amesikia makelele kutoka chini, na yeye alipanda akiwa na mkoba begani, hahemi. Alivaa miwani, akamshika mgonjwa mkono, akasikiliza. Alisema mapigo yanakimbia ovyo na kwamba mtu huyu anakwenda hospitali sasa hivi, kwa gari lake, na mke wake anakwenda naye, na siku hizi hospitali wanapima hata wenye njaa. Mume alitaka kusema neno. Aliangalia zile nyuso zote zilizomzunguka, akaliacha.

Kisha Sista akageuka. Akaiangalia mashine. Akaangalia mraba uliofyekwa, kingo zake zilizonyooka, na sululu mbili zilizolazwa nyuma ya jiwe.

"Mashine imefikaje huku?"

Nilikuwa na maelezo. Nilikuwa na maelezo marefu yenye utangulizi. Mama wa mgahawa alinitangulia.

"Sista, mgonjwa alipanda kilima. Na mashine iko kilimani."

Yote mawili yalikuwa kweli. Mpangilio tu ndio ulikuwa wake.

"Na hapa mmefyeka kwa ajili ya mgonjwa?"

"Asichomwe na majani," mwenye duara akasema, miwani mkononi.

Sista aliniangalia mimi. Nilifunga mdomo, jambo lililonigharimu. Akachukua pakiti, akaigeuza pande zote, akapitisha kidole kwenye kila ukingo. Palikuwa na alama za meno upande mmoja, ila haikuwa imechanika. Taa ilikuwa ya kijani. Kufuli hapakuwa nayo, hilo hakuna ambaye angeweza kulipinga. Akafunga kifuniko na yule mwanamke akanyamaza katikati ya neno.

"Ibaki," akasema. "Ila mtu akiipeleka mahali ambapo hapana mgonjwa, mgonjwa atakuwa yeye."

Simu ya Isaka ililia mfukoni mwangu tukiwa tunashuka. Sikuipokea mpaka tumefika chini. Nilimwambia msimamizi kwamba tutaomba nyingine kwa ajili yao, na safari hii nitaandika barua hiyo mwenyewe. Akaulizia wazazi.

Mume alikaa hospitali Geita mjini mpaka alipopata dawa zake, akarudi machimbo akiwa na orodha ya visivyoruhusiwa, na karasha ikiwa juu ya orodha. Sasa anahudumia mgahawani. Hapendi. Anawapelekea wateja chai kana kwamba anawapelekea hati ya mahakama.

Ila mgahawa umejaa, kwa sababu ule mgao haukuafikiwa. Hakuna aliyetamka tena kwamba mashine inatafuta dhahabu, na hakuna aliyetamka kwamba haitafuti. Mwenye duara anamweka mtu wake pale kutwa, kuhakikisha mzee wa ng'ombe hapandi nayo kilimani peke yake. Mzee naye ameweka mjukuu wake, mwanaume mzima mwenye masharubu, kumlinda mtu wa mwenye duara. Wanakaa benchi moja chini ya msumari, hawasemezani, wanakula. Mama wa mgahawa amewaambia kwamba anayekaa pale sharti ajue kuitumia, na amewatahini wote wawili kwa kuwabonyezesha gunia la mahindi kama kifua cha mdoli.

Nilipokwenda mara ya mwisho kukagua taa, nilikaa nao. Mume alitoka nyuma, akainama kuinua ndoo ya maji, ndoo kubwa ya lita ishirini, na akaguna kidogo. Walinzi wote wawili walisimama kwa wakati mmoja. Mmoja alikamata ndoo. Mwingine alikuwa ameshaweka mkono kwenye mpini wa mashine, na aliyekamata ndoo alipoona hivyo aliiachia ndoo, akakamata mpini naye.

Maji yalimwagika sakafuni. Mume alisimama katikati ya dimbwi akiwatazama, kisha akanigeukia mimi, kama mtu anayepeleka shauri mahakamani.

"Dokta, siwezi hata kukohoa kwenye nyumba yangu."

"Usikohoe, basi," mkewe akasema kutoka jikoni. "Chukua dekio."